Bahari haikukauka: jinsi droni inavyobana saa nzima ndani ya sekunde 13

Mama mdogo alinipigia simu kutoka Mbagala usiku wa Jumapili, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kujiandaa kupokea msiba. Nikamwamkia. Aliitikia marahaba kwa haraka, kama abiria anayelipa nauli mguu mmoja ukiwa tayari nje ya daladala.

"Mwanangu, huko Mikindani mna nini? Nimeona bahari inakimbia."

Kilichomtisha kilikuwa kazi ya mikono yangu mwenyewe. Asubuhi ile nilituma video kwenye grupu la ukoo bila maelezo yoyote, na kufika jioni ilikuwa imeshahama magrupu kadhaa na kurudi kwake ikiwa imebandikwa maneno ambayo si yangu, kwamba bahari ya Mtwara imekauka na watu waombe. Video yenyewe inaonyesha ghuba ya Mikindani kutoka juu. Maji yamesogea hadi kwenye mikoko, mitumbwi inaelea. Halafu maji yanarudi nyuma kama shuka linalovutwa kitandani, mchanga unatokeza, mitumbwi inalala ubavu mmoja baada ya mwingine. Sekunde 13, basi.

Mama mdogo amekulia Mikindani. Ameokota chaza pale pale, anajua maji kujaa na kupwa kuliko anavyojua namba yake ya simu. Alichokuwa hajawahi kukiona ni kupwa kwa kasi ile, na macho yakiona kasi yasiyoizoea husahau yanachokijua. Kwenye maoni ya watu nilikuta makundi matatu. Wa kwanza walisema ni sunami inakuja. Wa pili walisema ni ujanja wa kompyuta. Wa tatu walikuwa wataalamu, wakaeleza kwa kujiamini kabisa kwamba droni iliachwa angani tangu alfajiri hadi mchana. Wote wamekosea, na kosa la hao wa tatu ndilo linalonisumbua zaidi, kwa sababu nimeshapigiwa simu na watu wawili wanaotaka droni "ya kukaa saa sita".

Tuanze na majina. Droni hapa ni kile chombo kidogo chenye mapangaboi manne na kamera tumboni, kinachoongozwa kwa rimoti kutoka chini. Taimlapsi ni video iliyotengenezwa kwa picha za mnato, zilizopigwa moja moja kwa kupishana muda, kisha zikaonyeshwa mfululizo kwa haraka. Picha moja kati ya hizo inaitwa fremu. Muda wa kungoja kati ya picha moja na inayofuata nitauita pengo, na ukilielewa pengo umeelewa sehemu kubwa ya jambo hili.

Chukua mzazi anayempiga mwanawe picha kila siku ya kuzaliwa, mbele ya mlango ule ule. Miaka 10 ikipita, azipange picha mezani. Ukizipitisha macho kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho unamwona mtoto akirefuka hadi kufikia komeo la mlango. Hakuna anayesema mtoto kakua kwa sekunde tano, wala kwamba picha ni za uongo. Kila moja ni ya kweli. Kilichoachwa ni siku 364 zilizo katikati.

Hata video ya kawaida ni picha za mnato. Simu yako ikirekodi harusi inapiga kama picha 25 au 30 kila sekunde, na wakati wa kutazama inaonyesha idadi ile ile kwa sekunde, ndiyo maana bibi harusi anatembea kwa mwendo wake. Taimlapsi inavunja usawa huo upande mmoja tu: unapiga picha moja kila sekunde 5, lakini unaonyesha 25 kwa sekunde. Zidisha 5 kwa 25. Dunia inakwenda mara 125 ya mwendo wake. Ile ya mwendo wa pole, ambayo tone la maji linadondoka kama lina usingizi, ni kinyume chake: picha nyingi wakati wa kupiga, chache wakati wa kuonyesha.

Hapo huwa linakuja swali la haki: si urekodi video ya kawaida kisha uiharakishe? Inawezekana, na wakati mwingine mimi hufanya hivyo. Lakini tazama gharama. Video ya 4K, yaani ile ya ubora wa juu, inayorekodiwa kwa kiwango cha megabiti 100 kwa sekunde, kiwango cha kawaida kwa droni nyingi, itakula gigabaiti 15 hivi kwa dakika 20. Dakika hizo hizo kwa picha moja kila sekunde 5 ni picha 240, na zikiwa na megabaiti 5 kila moja hazifiki hata gigabaiti moja na nusu. Pia fremu ya 4K ina nukta milioni 8 na kidogo, ilhali picha ya mnato ya droni ndogo ina milioni 12 au zaidi, kwa hiyo unabaki na pembezoni za kukata picha ikiyumba. Na itayumba.

Kuhusu hesabu, naomba usiruke aya hii hata kama hisabati ya shule iliacha kovu. Anza na urefu wa video unayoitaka, si na muda utakaokaa ufukweni. Unataka sekunde 10? Zidisha kwa 25, unahitaji picha 250. Pengo likiwa sekunde 2, picha 250 zinamalizika ndani ya dakika 8 na sekunde 20. Pengo likiwa sekunde 5, ni dakika 20 na sekunde 50. Pengo likiwa dakika moja, ni zaidi ya saa 4. Betri ya droni ya kawaida imeandikwa dakika 30 kwenye boksi, lakini boksi halijui upepo wa ufukwe wa Shangani hapa Mtwara. Toa akiba ya kurudia nyumbani, hesabu dakika 18 hadi 20 za kazi. Kwa hiyo droni inakubali pengo la sekunde 5, ikijikaza, na inakataa pengo la dakika moja.

Pengo lenyewe linachaguliwa na kitu unachokipiga. Watu wanaoshuka kwenye boti wanahitaji sekunde 1 au 2. Mawingu ya kaskazi yanayokuja kwa kasi, sekunde 2 au 3. Kivuli kinachotambaa ukutani, sekunde 15 na kuendelea. Ukikosea kwa pengo dogo mno, video inachosha kama kungoja wali uive huku umesimama juu ya sufuria. Ukikosea kwa pengo kubwa mno, vitu vinarukaruka: mtumbwi uko hapa, mara uko kule, mara haupo.

Sasa turudi kwenye maji. Kutoka kujaa hadi kupwa ni saa 6 na dakika chache. Kwa droni yenye dakika 20 za kazi, hizo ni betri zaidi ya 18 bila kupumzika. Sina betri 18. Nina tatu, na moja kati ya hizo ilianza kuvimba tumbo, nimeibadilisha wiki iliyopita.

Kilichoniokoa ni hesabu ya zamani ya mabaharia. Wanagawa maji ya kupwa mafungu 12. Saa ya kwanza linaondoka fungu 1, saa ya pili mafungu 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Yaani maji hayaondoki kwa mwendo mmoja. Yanaanza kwa kusitasita, yanakimbia katikati, yanamaliza kwa kusitasita tena. Saa mbili za katikati peke yake zinabeba nusu ya maji yote. Hakuna sababu ya kuchoma betri kwenye saa ya kwanza, ambapo ukitazama utadhani bahari imeganda.

Siku nazo si sawa. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa pwani yetu inapita mita 3. Wakati wa maji mafu tofauti hiyo inapungua sana na huna cha kuonyesha. Chukua robo ya mita 3 kwa saa moja ya katikati: kina kimepungua kwa sentimita 75. Inasikika kidogo. Lakini ufuko ukiwa umelala, ukiteremka mita 1 tu kwa kila mita 100, sentimita 75 hizo zinaacha mchanga wazi kwa mita 75. Huo ni uwanja mzuri wa mpira ulioibuka ndani ya saa moja, na kutoka juu unaonekana wote. Ukiwa umesimama chini unaona tope tu. Hapa ndipo droni inapostahili bei yake, kwa maoni yangu. Mawingu, barabara ya soko kuu au fundi anayejenga ukuta unaweza kuvipiga kwa simu iliyoegemezwa kwenye kopo la mchanga, na simu itakaa saa nne ukiipa chaja. Nimeona watu wakirusha droni kupiga kitu ambacho dirisha la gorofa ya pili lingekionyesha vizuri zaidi.

Kuna zawadi nyingine ambayo wanawake wa pwani wanaijua bila kalenda: siku za bamvua maji hujaa kama saa kumi alfajiri na kupwa kama saa nne asubuhi, ndipo unawaona wanashuka na ndoo kwenda kuchokoa pweza na kuokota chaza. Maana yake zile saa za katikati zinaangukia kati ya saa kumi na mbili na saa mbili asubuhi, jua limetoka punde, mwanga unalala chini na kuchora kila mfereji wa mchanga, na upepo wa baharini bado haujaamka. Ukitafuta kwa tochi wakati bora wa kurusha droni Mtwara au Lindi hutapata mwingine.

Kwa hiyo niliruka mara tatu, kila betri dakika 18, pengo la sekunde 5, nikishuka kubadilisha betri kwa kama dakika 4. Kila mruko ulinipa picha 216, jumla 648. Nyumbani niliona mwendo bado mzito, nikachukua moja nikaacha moja, zikabaki 324. Gawanya kwa 25 upate zile sekunde 13. Bahari ya mama mdogo ilikimbia mara 250 ya mwendo wake.

Yale mapumziko ya betri yapo kwenye video, ukitazama kwa makini. Karibu na sekunde ya nne na ya tisa mstari wa maji unaruka kidogo. Nimepachanganya kwa kufifisha picha moja ndani ya nyingine, lakini mvuvi atapaona.

Droni haijasimama

Watu hudhani droni ikiachiwa rimoti inasimama angani kama taa iliyoning'inizwa. Hapana. Iko kama mtumbwi uliotiwa nanga: hauondoki, lakini unacheza. GPS inaishikilia ndani ya mita moja na nusu hivi kwenda kila upande, na kamera ndogo za tumboni zinasaidia kwa kutazama ardhi na kung'ang'ania alama zinazoziona. Sasa iweke juu ya maji. Kamera hizo zinatazama chini, zinaona mawimbi yanayosogea, zinadhani zenyewe ndizo zinazosogea, zinaanza kujirekebisha bila sababu. Kwa hiyo mimi huiweka juu ya nchi kavu, juu ya minazi au paa la mtu niliyemwomba, halafu nainamisha kamera kutazama baharini.

Kimo nacho kinasaidia. Kuyumba mita moja ukiwa mita 10 kutoka kwenye mti kunausogeza mti huo waziwazi ndani ya picha. Kuyumba mita hiyo hiyo ukiwa mita 80 hakuonekani kirahisi, na mabaki yake programu ya kuhariri inayatuliza, mradi ndani ya picha kuna kitu kisichotembea cha kushikilia. Mikindani nilihakikisha lile boma la Wajerumani la 1895 liko pembeni ya fremu kila mruko. Nilipopanda na betri ya pili nililitafuta kwanza boma, nikaliweka pale pale lilipokuwa kwenye picha ya mwisho, ndipo nikaanza kupiga.

Kosa la pili la wanaoanza halionekani mpaka ufike nyumbani. Kamera ikiachwa ijiamulie mwanga, inafanya uamuzi mpya kwa kila picha. Wingu likipita inafungua jicho, likiondoka inalifinya, na video inapepesa kama balbu ya nyumba yenye umeme wa kusuasua. Dawa yake ni kufunga kila kitu kwa mkono kabla ya picha ya kwanza: mwanga, umbali wa kuona, na ule mpangilio wa rangi unaoiambia kamera nyeupe ni ipi. Alfajiri ni mtihani peke yake, maana mwanga unaongezeka kweli na ukifunga kabisa picha za mwisho zitaungua. Hapo mimi huachia kamera ijirekebishe, kisha naziba kupepesa kwenye programu ya kuhariri. DaVinci Resolve ina toleo la bure linalotosha kwa kazi nyingi, ila zana za kuondoa kupepesa ziko kwenye lile la kulipia, basi kwa wasio na hela ni bora kuanza kupiga jua likishapanda.

Halafu shata, yaani muda ambao jicho la kamera linakaa wazi kwa kila picha. Kwenye jua letu kamera inafunguka kwa sehemu ya elfu moja ya sekunde, kila kitu kinakuwa kikali kama kimekatwa kwa wembe, na ukizipanga picha hizo mwendo unakuwa wa kukwaruza. Filta ya ND, ambayo ni miwani ya jua ya kamera, inapunguza mwanga ili shata ikae wazi zaidi na mawimbi yalainike. Usipitilize: droni inayocheza nangani haiwezi kushika sekunde mbili bila kutia ukungu picha nzima.

Kuhusu upepo niseme kwa kifupi. Msimu wa kusi ukikolea, katikati ya mwaka, mchana hapafai. Droni ndogo nyingi zimeandikwa kuhimili upepo wa mita 10 kwa sekunde, lakini kuhimili maana yake haitaanguka, si kwamba picha itatulia. Rusha kutoka kwenye jamvi au kipande cha turubai, kamwe si kwenye mchanga mtupu, kwa sababu mapangaboi yanainua mchanga na mota zinaumeza. Na angalia juu. Mwaka jana, betri yangu ya pili ikiwa dakika ya 11, mwewe aliona kitu kigeni kwenye himaya yake akakishukia. Hakukigonga. Mimi ndiye niliyeogopa nikasukuma vijiti vya rimoti, droni ikapanda ghafla, na picha 130 zilizotangulia zikabaki hazina mwisho.

Ikitembea ina jina lingine

Kuna ndugu yake taimlapsi anayeitwa haipalapsi. Tofauti ni moja: kwenye haipalapsi kamera inahama kati ya picha na picha. Droni nyingi za kampuni ya DJI zina kitufe chake, unachagua izunguke kitu, ifuate mstari, au ipite vituo ulivyoviweka, nayo inapiga na kuunganisha yenyewe. Wanaonunua droni ndogo za bei nafuu hulalamika hazina kitufe hicho. Nyingi zina mpangilio wa kupiga picha kila baada ya sekunde kadhaa, na huo unatosha. Kuunganisha utafanya kwenye kompyuta.

Kinachowashinda watu kwenye haipalapsi ni kasi. Droni ikienda mita 1 kwa sekunde, mwendo wa mzee anayetoka msikitini, na pengo likawa sekunde 2, kila fremu iko mita 2 mbele ya iliyotangulia. Onyesha fremu 25 kwa sekunde: mita 50 kwa sekunde, yaani kilomita 180 kwa saa. Mzee wa msikitini amegeuka gari la mashindano. Ndiyo maana haipalapsi za wanaoanza zinamfanya mtazamaji ashike meza. Punguza hadi nusu mita kwa sekunde au chini ya hapo, panda juu zaidi, na upunguze tamaa.

Ukienda Newala kwenye lile bonde wanaloliita Shimo la Mungu, ambako asubuhi ukungu wa upande wa Ruvuma unajaa chini yako kama maziwa kwenye bakuli, kumbuka jambo moja. Rimoti inasoma kimo kutoka mahali uliporukia, si kutoka ardhi iliyo chini ya droni. Ukivuka ukingo, skrini itaendelea kusema mita 40 ilhali chini kuna mamia ya mita. Ukishuka chini ya ukingo utasoma namba hasi na mawasiliano yanaweza kukatika kwa sababu mlima umesimama katikati yenu.

Je, inadanganya?

Hili ndilo walilokuwa wakibishania kwenye magrupu, na jibu langu halitawaridhisha wa upande wowote. Taimlapsi haitungi kitu, lakini inapendelea. Inawapenda wanaokaa na kuwafuta wanaopita. Kwenye video ya Mikindani kuna watu zaidi ya 20 waliovuka mchanga ule kwa saa nzima. Huwaoni, kila mmoja ni nukta inayowaka na kuzimika. Kuna mwanamke mmoja tu anayeonekana, chini kushoto, mwenye kanga ya njano. Aliinama kuchimbua chaza mahali pamoja kwa kama dakika tatu. Dakika tatu kwa fremu moja kila sekunde 10 ni fremu 18, kasoro kidogo ifike sekunde nzima. Kwa kuwa hakuhama, alibaki.

Kudanganya kunawezekana kwa njia nyingine, ambayo ni rahisi mno: kugeuza mpangilio wa picha. Mtwara na Lindi zimetazama mashariki. Jua linachomoza baharini na kuzama bara. Hata hivyo hukosi kukutana na video tamu ya "machweo ya bahari ya Lindi", duara jekundu likizama majini. Hiyo ni macheo iliyochezwa kinyumenyume. Tazama boti: kama inakwenda tezi mbele, ikiingia kwenye povu lake yenyewe, umeshamkamata. Tazama moshi wa jiko: kama unashuka na kuingia ndani ya paa, umemkamata mara mbili. Ukitaka kulipiga jua hilo kwa uaminifu, jua kwamba huku kwetu, nyuzi 10 hivi kusini mwa ikweta, linapanda karibu wima, na duara zima linatoka majini kwa dakika 2 na ushei. Pengo la sekunde 5 litakupa sekunde moja ya jua. Weka 2.

Kibali

Droni Tanzania si tiara. Inasimamiwa na TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga, chini ya kanuni za droni, na Wizara ya Ulinzi nayo ina kauli kwenye kibali. Huku kusini ongeza akili ya mahali: tuko mkoa wa mpakani, tuna uwanja wa ndege, bandari, na mitambo ya gesi. Taimlapsi inakuweka mahali pamoja kwa muda mrefu, na droni iliyosimama dakika 18 inaleta maswali mengi kuliko inayopita. Mimi huanza kwa mwenyekiti wa mtaa hata nikiwa na karatasi zote, na wale akina mama wa ufukweni huwaonyesha skrini kabla ya kuruka. Mara ya kwanza mmoja aliniuliza kama nawapimia eneo wauziwe wawekezaji. Baada ya kujiona yeye mwenyewe kwenye skrini, mdogo kama punje ya mtama, alicheka akaniambia nimpige vizuri zaidi.

Taimlapsi ninayoifanya sasa ni ya shamba la korosho la jirani, ambako droni hurudi kwenye kituo kile kile ilichokihifadhi. Hapa hesabu inageuka kabisa. Picha moja kwa wiki kuanzia maua ya Julai hadi mavuno ya Novemba ni kama picha 20, haifiki sekunde moja. Picha moja kwa siku ni 150, sekunde 6. Kwa hiyo naenda kila siku, saa mbili asubuhi ileile ili vivuli visirukeruke, isipokuwa siku za mvua. Kila mruko unachukua dakika mbili. Betri moja inanitosha wiki nzima, na huyo anayetaka droni ya kukaa saa sita sijui nimwambieje.

Mama mdogo nilimweleza haya yote kwa simu, kwa ufupi zaidi kuliko nilivyoandika hapa. Alinyamaza kidogo. Akauliza yule mwenye kanga ya njano ni mtoto wa nani. Nikamwambia simjui. "Basi nitumie ile ndefu," akasema, "ile ya saa nzima kabla hujaikata, nimwangalie vizuri."

Nikamwambia mama, ndefu haipo. Kati ya picha na picha kamera ilikuwa imefumba macho.

"Saa nzima pale juu," akasema, "na umefumba macho."

Nikamtumia fremu moja, ile ambayo mwanamke ameinua kichwa.